Namba Inayompa Muuguzi Kauli

Saa nane usiku muuguzi anampigia daktari wa zamu: "Dokta, mgonjwa wa kitanda namba tisa simwelewi." Waliofanya kazi wodini wanalijua jibu: humwelewi vipi? Hapo wengi hunywea, hasa walio wageni kazini, na simu inaishia kwa "basi dokta, nitaendelea kumwangalia."

Mifumo ya alama za tahadhari, inayojumlisha vipimo vya mgonjwa kuonyesha kama anazidiwa, inamsaidia muuguzi huyu. Unaojulikana sana ni NEWS (National Early Warning Score), uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho 2017. Kila kipimo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kisha zinajumlishwa. Tumpime wa kitanda namba tisa. Anapumua mara 24 kwa dakika: 2. Oksijeni kwenye damu asilimia 94, bila mashine: 1. Namba ya juu ya presha 104: 1. Mapigo ya moyo 112: 2. Joto 38.4: 1. Fahamu zake timamu: 0. Hakuna namba hapo ambayo peke yake ingemwamsha daktari. Jumla ni 7, na kwa NEWS 7 ni dharura.

Sasa muuguzi ana la kusema: "Ana saba, dokta, na utaratibu unataka aonwe sasa hivi." Amesimama nyuma ya utaratibu ambao daktari mwenyewe anaufuata. Kwenye wodi ambazo cheo ndicho huamua nani aseme na nani asikilize, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana anayeanza kazi huupenda mfumo huu kuliko mkongwe.

Mkongwe ana sababu zake. Kuna mgonjwa mwenye alama 1 tu, lakini jana alikuwa akitaniana na jirani yake na leo amegeukia ukutani tangu asubuhi, uji wake haujaguswa. Muuguzi aliyekaa wodini miaka anahisi kuna kitu. Anapiga simu, anaulizwa: "Ana ngapi?" Moja. Mazungumzo yameisha. Mwongozo wa NEWS wenyewe unaruhusu wasiwasi wa mhudumu uzidi alama, ila kinachokaa kichwani mwa watu ni jedwali lenye rangi. Sentensi hiyo husahaulika.

Halafu alama haiwezi kuwa sahihi kuliko vipimo vyake. Kupumua ndiko kunakofanyiwa uvivu zaidi: fungua faili uone 20, 20, 20, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa pamoja. Lakini uvivu ni nusu tu ya maelezo. NEWS inataka mwenye alama 5 apimwe angalau kila saa, na mwenye 7 afuatiliwe mfululizo. Wauguzi wawili wa zamu ya usiku, wodi imejaa hadi sakafuni, watafanyaje?

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilijaribu njia nyepesi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa 2015. Hakuna kujumlisha: kipimo kimoja kikivuka mpaka wa hatari, kuna hatua zilizokwisha kuandikwa za kuchukuliwa. Matibabu ya haraka yaliongezeka, na vifo vikapungua miongoni mwa waliokuwa na presha iliyoshuka mno. Kinachonivutia hapo ni kwamba tahadhari ilifungwa moja kwa moja kwenye tiba. Muuguzi aliyepiga simu mara tatu bila mtu kuja hatapiga ya nne, hata jedwali liwe zuri namna gani.

Kwa hiyo mimi niko upande wa alama, kwa masharti mawili. Fomu iwe na kisanduku cha "nina wasiwasi" chenye nguvu sawa na alama 7, kisichodai maelezo. Na chini yake liandikwe jina la daktari wa pili wa kupigiwa, endapo wa kwanza hapokei simu.