Mgonjwa Wetu Analipiwa Umeme

Jamani, naomba kuwauliza wanaume wenzangu wa Mbeya: ni mimi peke yangu ninayenunua umeme wa kuku?

Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Mimi nalala na soksi, sweta na kofia ya kufunika masikio. Kuku analala jikoni ndani ya boksi, chini maranda, juu balbu inawaka usiku kucha. Na siyo hizi balbu za siku hizi za kubana matumizi, hizo hazina joto. Ni zile za zamani zenye waya ndani, wati 60. Nimezunguka Mwanjelwa nzima kuitafuta, mwenye duka mmoja akaniuliza kama natotolesha vifaranga. Nikamjibu hapana, nina mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe anaitwa Shangazi. Jina walimpa watoto, kwa sababu hakuna anayepita uani bila kufokewa.

Aliparuliwa na mwewe. Na hapo nampa heshima yake: mwewe alishuka kuchukua kifaranga akakutana na mama mtu. Kifaranga kikapona, mwewe akaondoka mikono mitupu, Shangazi akabaki na mgongo uliochanika, ngozi imefunuka, nyama unaiona. Mimi kwa akili za kawaida nikasema tumuwahi. Kumuwahi mnakujua. Mtaani kwetu kuku akipiga chafya tu, sufuria limeshabandikwa. Kisu nilishakinoa. Watoto wakaangua kilio, jirani akachungulia juu ya ukuta, mke wangu, Mama Upendo, akaniangalia bila kusema neno. Kisu nikakatia parachichi.

Ndivyo nilivyoanza unesi. Asubuhi napunguza manyoya pembeni ya kidonda, naosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nakausha kwa kitambaa safi, kisha napaka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Kwa nini GV? Kwa sababu kuku wakiona chekundu kwenye mwili wa mwenzao wanakidonoa mpaka wamtoboe. Ndugu zake wa tumbo moja hao! Zambarau ya GV inaficha wekundu. Na kutoka nje haruhusiwi, nzi wakitaga humo ni funza. Tatizo GV haimpaki kuku peke yake. Nimekwenda kwa wakala kutoa hela, kidole gumba kimekolea zambarau, mzee mmoja kwenye foleni akaniuliza uchaguzi umefanyika lini.

Sasa washauri. Mbeya hii ukiumwa wewe utaambiwa "pole, utapona". Akiumwa kuku, kila mtu daktari. Huyu anasema pilipili kichaa, yule kitunguu saumu, mwingine shubiri, mwingine mpe vidonge vya binadamu ugawe nusu. Kuna jirani alikuja kabisa na kikombe, anataka kumwagia dawa kooni. Nikamzuia. Tundu la pumzi la kuku liko palepale nyuma ya ulimi, ukimimina umemzamisha nchi kavu. Unachukua bomba la sindano bila sindano yake, unadondosha tone moja moja pembeni ya mdomo, anameza mwenyewe. Haya yote nayajua mimi, ambaye dawa ya kikohozi changu sijui iko droo gani.

Na jirani huyohuyo, tulipokuwa tunachanga hela ya chanjo ya kideri, alisema hana. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa nyumba nyingi, ndiyo maana tunachanga: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, basi. Kideri kikishaingia bandani hakina dawa, utaona shingo zinapinda na kuku wanaisha. Yeye alingoja waanze kuzubaa ndipo akawafunga miguu kuwapeleka sokoni. Bwana mifugo alimfokea mbele ya watu, kwamba anausambaza ugonjwa kwa miguu yake. Leo ndiye anayenifundisha pilipili.

Lakini aibu kubwa niliipata kwenye daladala. Nimebanwa katikati, tumetoka Uyole, Mama Upendo anapiga. Mtandao unakatakata, ikabidi nipaze sauti.

"Shangazi anaharisha? Rangi gani? Kijani?"

Gari lote kimya. Mama mmoja akanipa pole.

"Hajala tangu jana? Ndiyo maana, tumbo tupu hiyo. Mwongezee maji ya sukari. Na kama mpaka jioni hali, Mama Upendo, mimi nimechoka, tumchinje tu."

Yule mama akahamisha mkoba wake. Konda akaniambia, "Mzee, hapa unashuka." Nilikuwa naenda Kabwe, nikashukia njiani. Nauli hakurudisha.

Jioni Shangazi akala. Nilifurahi, ila kimoyomoyo, nisije nikaonekana.

Shemeji yangu anasomea utabibu, akaja na kipimajoto kumpima. Akatoka jikoni jasho linamtoka na baridi ile: "Shemeji, nyuzi 41 na nusu! Ana homa kali!" Watoto wakaanza kulia upya. Nikampigia bwana mifugo usiku, akacheka mpaka akakohoa. Kuku mzima joto lake ni nyuzi 41 hadi 42. Aliyekuwa na hali mbaya pale ni shemeji.

Kama haitoshi, waliobaki bandani wakashikwa mafua. Uso umevimba upande mmoja, jicho limeziba, pua inatoa harufu. Bwana mifugo akaleta dawa ya unga, banda zima wakawekewa kwenye maji. Akaniambia soma pakiti: mayai hayaliwi, nyama hailiwi, mpaka siku zilizoandikwa ziishe baada ya dozi. Nikasema sawa, nani anakuja?

Akaja mama mkwe kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi.

Mama mkwe huwezi kumpa maharage. Anawaona kuku wanatembea uani, wanono, ananiangalia mimi, anawaangalia kuku. Nikaanza kueleza habari za pakiti. "Ndaga, baba," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, kwa ile sauti ya mtu aliyeshaelewa kwamba mkwe wake ni bahili. Nikapanda bajaji mpaka Soweto nikanunua kuku. Nafuga kuku, nanunua kuku. Na mayai ya chai asubuhi nikafuata dukani kwa yule jirani wa pilipili, akanipandishia bei.

Mgongo umeshafunga sasa. Kumrudisha bandani ndiyo kazi nyingine. Ukimwingiza mchana wenzake wanamshambulia, wanajifanya hawamjui, cheo chake kilishachukuliwa na yule mweusi. Dawa yake ni kumrudisha usiku, wamelala, unampenyeza kwenye kichanja katikati yao, wanaamka naye asubuhi. Kwa hiyo juzi saa tano usiku nimetoka na kofia yangu ya masikio, tochi mdomoni, kuku kwapani, nanyata ili nisiwaamshe.

Tochi nyingine ikanimulika. Vijana wa ulinzi shirikishi.

"Simama hapo! Kuku wa nani huyo?"

"Wangu."

"Wezi wote wanasema hivyo. Mbona unanyata?"

"Namrudisha bandani."

"Mwizi anayerudisha! Kuku mwenyewe anaitwa nani?"

"Shangazi."

Wakatazamana. Mmoja akanishika mkono, akamulika kidole changu cha zambarau, akasema huyu lazima kituoni. Shangazi, ambaye siku zote hanyamazi, siku hiyo kimya. Bahati nzuri Mama Upendo akafungua dirisha.

"Jamani, kuna nini? Muingizeni ndani, baridi itamuua!"

Nikashukuru Mungu, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Siyo wewe, Baba Upendo. Kuku."