Moyo wa mgonjwa uangaliwe pamoja na kinywa chake

Mgonjwa wa moyo akifika kliniki hupimwa presha, hupimwa sukari, huulizwa kama anavuta sigara. Ni nadra sana kuambiwa afungue mdomo aangaliwe fizi. Kwangu hilo ni pengo linalogharimu maisha ya watu, ingawa si kwa sababu zinazovumishwa mitandaoni. Kuna mambo mawili hapa, na watu huyachanganya.

La kwanza, yaani bakteria wa kinywani kushambulia moyo wenyewe, halina ubishi. Kinywani zimetambuliwa aina zipatazo 700 za bakteria, wengi wao wasio na madhara. Ukoga ukiachwa kwenye shina la jino, fizi huvimba, hujitenga na jino na kuacha kijimfuko. Utando wa ndani ya kijimfuko hicho ni mwembamba na una vidonda vidogo vidogo, kwa hiyo hata kutafuna au kupiga mswaki kunatosha kuwaingiza bakteria kwenye damu. Kwa kawaida kinga ya mwili huwamaliza upesi. Taabu huanza kwa mtu ambaye vali za moyo wake, yaani milango inayoongoza damu ndani ya moyo, zimeharibika, pengine kutokana na homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni, au aliyewekewa vali ya bandia. Bakteria kama Streptococcus sanguinis hunata pale penye kovu, wakashikamana na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na hapo hujijengea kichuguu cha damu iliyoganda ambamo chembe nyeupe haziwafikii kwa urahisi. Kipande kikimeguka kikafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Ugonjwa huu huitwa endokaditisi, na daktari William Osler aliueleza kwa kina mwaka 1885. Leo unatibika, lakini kwa antibayotiki za mshipani ambazo mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6, na wengine hulazimika kupasuliwa.

La pili ni mishipa ya moyo kuziba. Mwaka 1989 watafiti wa Finland walieleza kwamba waliopata mshtuko wa moyo walikuwa na meno mabovu kuliko wenzao. Baadaye vinasaba vya bakteria wa fizi, akiwemo Porphyromonas gingivalis, vikapatikana ndani ya mafuta yaliyoganda mishipani. Kuanzia hapo watu wakakimbilia kusema fizi mbovu huleta mshtuko wa moyo. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi mwaka 2012 kikasema uhusiano upo, ila haijathibitishwa kwamba kimoja husababisha kingine, wala kwamba kutibu fizi huzuia mshtuko. Nakubaliana nacho. Sigara na kisukari huharibu fizi na mishipa kwa pamoja, na kumtisha mtu ili anunue dawa ya kusukutua ni kumdhulumu.

Kinachonishughulisha zaidi ni yule mwenye vali mbovu. Tangu 1955 ilishauriwa apewe antibayotiki kabla ya kung'olewa jino. Mwaka 2007 chama hichohicho kikawabakizia ushauri huo walio kwenye hatari kubwa zaidi tu, kama wenye vali za bandia na waliowahi kuugua ugonjwa huu. Sababu yake ingebandikwa ukutani katika kila kliniki: bakteria huingia kwenye damu mara nyingi zaidi kwa shughuli za kila siku katika kinywa kichafu kuliko kwa jino moja linalong'olewa. Maana yake, mswaki wa kila siku na fizi zinazotibiwa mapema humkinga mtu huyu kuliko kidonge cha siku moja. Basi kwa nini anaondoka kliniki bila hata kuulizwa kama fizi zake hutoka damu?

Kama una tatizo la vali, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa. Na ikikupata homa isiyokatika, yenye jasho la usiku na kupungua uzito, usijinunulie antibayotiki. Omba kwanza damu itolewe ikaoteshwe maabara, kwa sababu hata vidonge vichache vinaweza kuwaficha bakteria hao wasionekane kwenye kipimo.