Ukiishiwa, Simamisha Mchango Bila Aibu

Msimamo wangu ni huu: anayetumia huduma ya bure ya mtandaoni kila siku, na uwezo anao, achangie. Na siku uwezo ukikatika, aache mara moja bila kumwomba mtu radhi.

Cha bure kina mtu anayekigharimia. Wikipedia, iliyoanza 2001, haiweki matangazo ya biashara. Inaendeshwa kwa michango, mingi ikiwa midogo midogo ya wasomaji. Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha Werner Koch, Mjerumani aliyeanza kuandika programu ya GnuPG mwaka 1997. Programu hiyo huficha ujumbe ili ausome mlengwa peke yake, na waandishi wa habari na wanaharakati wa nchi nyingi huitegemea. Februari 2015, chombo cha habari cha ProPublica kiliandika kwamba Koch, mtu mwenye familia, alikuwa anaishiwa. Watu wakamiminika kuchangia, na kampuni za Facebook na Stripe zikaahidi dola 50,000 kila moja kwa mwaka. Nilifurahi, ila uchungu ulibaki: miaka yote ile tulikuwa tukitumia jasho lake tukidhani kazi kama hiyo hujiendesha yenyewe.

Dhiki haichagui. Humpata anayejenga huduma, na humpata anayeichangia. Kazi inasimama ghafla, au ugonjwa unaingia nyumbani na akiba yote inaishia hospitali. Hapo ndipo naona watu wema wakijiumiza. Rafiki yangu mmoja alipoachishwa kazi, aliendelea kukatwa mchango wa kila mwezi wa kundi la kujifunza kuandika programu, huku kodi ya nyumba ikidaiwa. Mwishowe pesa kwenye kadi zikaisha, makato yakakwama, naye akanyamaza kabisa kundini. Yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu wageni maswali usiku. Aliamini kwamba asiyetoa hana haki ya kukaa, na hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naliamini neno hilo kwa dhati. Lakini moyo haumnyimi mtoto chakula. Siku ile ile unapopata habari mbaya, pitia makato yako yote na usimamishe kila la hiari. Chakula, dawa na kodi ndivyo vya kwanza. Kisha zungumza na mwenye nyumba na anayekudai kabla tarehe haijafika, maana ni rahisi zaidi kupangiwa malipo upya ukisema mapema kuliko ukishaanza kukwepa simu. Na usikope hata senti moja ili uendelee kuchangia. Ukitaka kusaidia kwa muda wako, sawa, ila hata muda si deni, hasa wakati unatafuta kazi.

Mzigo mkubwa nautua kwa wasimamizi. Waweke akiba ya kuwavusha miezi ambayo michango inashuka, na waonyeshe hesabu wazi. Orodha za kuwasifu wachangiaji kwa majina mimi ningezifuta, kwa sababu jina likitoweka humo kila mtu anaona nani ameanguka. Waandike pia, mahali ambapo mgeni ataona siku ya kwanza, kwamba mwanachama ni mwanachama, atoe asitoe. Na kitufe cha kusitisha mchango kiwe kando ya kile cha kuchangia, bila swali la "kwa nini unaondoka?"