Kanisa lipunguze mabango, liongeze risiti

Ukitaka kujua kanisa fulani la Nairobi linampenda nani, acha matamko yake, omba kitabu cha hesabu. Tazama mwaka uliopita zilitoka shilingi ngapi kwa mabango, fulana, lori la spika na maji ya chupa ya waandamanaji waliokwenda kupinga hili na lile, kisha utafute zilizotoka kwa mjane aliyelazwa hospitali ya Mbagathi. Makanisa mengi hayana hata safu ya huyo wa pili. Amefichwa ndani ya "misaada mbalimbali", anagombania nafasi na shada la mgeni rasmi.

Vita vya kisiasa kuhusu maadili vimekula muda na pesa za kanisa katika jiji hili, vikala na heshima yake, na sioni vilimgeuza nani. Chukua kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010 kuhusu katiba mpya. Viongozi wengi wa makanisa waliongoza kambi ya Hapana kwa sababu mbili kubwa: kifungu cha 26 kuhusu uavyaji mimba, na Mahakama za Kadhi. Kifungu chenyewe kinakataza kutoa mimba isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kwamba kuna dharura, au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iwe imeruhusu. Nazo Mahakama za Kadhi hazikuwa ngeni, zilikuwamo katika katiba ya uhuru ya 1963. Hushughulikia ndoa, talaka na urithi wa Waislamu waliokubali wenyewe kufika mbele yake. Mkristo wa Kayole hakuwa na njia ya kuburutwa huko hata angetaka. Mimbari zikanguruma vilevile. Ndiyo ikapata karibu asilimia 67 ya kura, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu wake ni Wakristo. Yaani waumini waliketi, wakasikiliza mahubiri, wakaitikia amina, halafu wakaenda kupiga kura kinyume. Hilo halisemwi sana kwenye mikutano ya wachungaji.

Hasara haikuwa ya kura peke yake. Mwislamu wa Eastleigh alimsikia jirani yake akiiita mahakama ya baba yake hatari kwa taifa. Miaka 5 baadaye, 21 Desemba 2015, al-Shabaab walilishambulia basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera, wakaamuru abiria wagawanywe kwa dini. Waislamu waliokuwa ndani walikataa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wao, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016 akitibiwa hapa Nairobi. Hakumuuliza abiria mwenzake alipiga kura gani 2010.

Ukimwi ndio uliotuonyesha tofauti waziwazi. Agosti 1996, Kardinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya elimu ya Ukimwi katika bustani ya Uhuru Park. Picha zilizunguka dunia. Lakini Kanisa Katoliki hilohilo, katika jiji hilihili, lilikuwa na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, ambaye mwaka 1992 alifungua Nyumbani, makao ya watoto wenye virusi ambao jamaa zao hawakuwataka au walikuwa wamekufa. Lilikuwa pia na EDARP, mpango wa kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi, ulioanzishwa 1993 upande wa Eastlands, wahudumu wake wakipita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wagonjwa waliofungiwa vyumbani. Shule za umma zilipowakataa watoto wa Nyumbani, makao hayo yalikwenda mahakamani, na 2004 serikali ikakubali wapokewe. Moto wa Uhuru Park ulizimika jioni ile. Nyumbani iko Karen mpaka leo.

Hapo kuna jambo wanaopenda kusema "kanisa lihubiri tu, liache siasa" hulikwepa. D'Agostino alikwenda mahakamani. Hiyo ni siasa. Na mwaka 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walipopigwa na kufukuzwa na polisi Uhuru Park, kanisa kuu la All Saints liliwafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Kwa hiyo siombi kanisa lililofunga mdomo. Kipimo changu ni hiki: je, kuna mtu mwenye jina na njaa anayesaidika na msimamo wako, na je, msimamo huo unakugharimu wewe au unamgharimu mwingine? All Saints iligharimika yenyewe. Katika maandamano mengi ya maadili, mwenye kugharimika ni msichana ambaye hakualikwa kuzungumza.

Basi upendo wenye utaratibu ukoje? Anza na bima, maana hapo ndipo familia nyingi za mitaa yetu huangukia. Tangu 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Mtu asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kigingi ni kwamba kwa kawaida hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani angalau 3,600. Mama mboga anaweza kupata 300. Kupata 3,600 Januari, ada za shule zikiwa mlangoni, ni habari nyingine. Kanisa lenye gharama ya lori moja la spika linaweza kuligawanya kwa 3,600 likaona ni nyumba ngapi.

Meza moja baada ya ibada inatosha kuanzia, na vijana wawili wenye simu na subira. Kitambulisho, laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenyewe, kisha mtu apige *147# kujisajili SHA. Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. La kwanza, watu hujisajili na kudhani wamelipa. Usajili humfungulia huduma za zahanati na kituo cha afya, ila akilazwa hospitali kubwa bila mchango, bili ni yake. La pili, anasajiliwa mama peke yake, watoto hawaongezwi, na siku mtoto anaugua ndipo inagunduliwa. Vyeti vya kuzaliwa vitafutwe mapema. La tatu ni yale maswali ya kupima uwezo, kuhusu nyumba, maji na kadhalika. Anayejibu kwa kubahatisha hupangiwa kiwango kisicholingana na mfuko wake, kwa hiyo asomewe swali kwa Kiswahili, taratibu, na ajibu mwenyewe. La nne ndilo baya zaidi: kanisa hulipa mwaka wa kwanza, likapiga picha, mwaka wa pili likasahau. Daftari liwe na tarehe ya kwisha kwa bima, na mtu atajwe kwa jina wa kuifuatilia mwezi mmoja kabla. Pesa ziende moja kwa moja SHA, zisipitie mkononi kwa mzee wa kanisa wala kwa mama mwenyewe. Siyo kwamba hawaaminiki. Mwenye nyumba akibisha Jumatatu asubuhi na 3,600 iko kwenye simu, kodi itashinda bima, na ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo.

Halafu mahabusu. Kila wiki kanjo, askari wa jiji, hukamata wachuuzi, na polisi huzoa vijana kwa makosa madogomadogo. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda umeangukia wikendi. Inasema pia kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halipaswi kumweka mtu rumande. Ni waumini wangapi wanajua hayo? Kundi la akina baba linaloomba kila Jumamosi lingeweza kuwa na wawili wanaokwenda korti ya Makadara au Kibera asubuhi ya Jumatatu kusikiliza majina yanaitwa. Ukikuta mtu anafungwa kwa kukosa faini ndogo, omba karani akupe nambari ya malipo ya kesi, ulipe kwa M-Pesa au benki, ushike risiti. Usimpe pesa mtu yeyote koridoni, hata akivaa tai. Lipa asubuhi, kwa sababu amri ya kuachiliwa lazima ifike gerezani kabla ofisi hazijafungwa. Aliyelipiwa Ijumaa jioni huenda akalala gereza la Industrial Area mpaka Jumatatu. Na mpe nauli. Mtu ametoka gerezani bila senti, simu imebaki kituo cha polisi, na nyumba iko Dandora. Wengi hawakumbuki nauli.

Kuhusu wasichana wenye mimba nina ukali kidogo. Makanisa yanayoandamana dhidi ya kutoa mimba ndiyo mara nyingi humwondoa msichana kwenye kwaya tumbo likianza kuonekana. Anaketishwa nyuma, na huko nyuma ndiko anakojifunza kwamba ingekuwa rahisi kama mimba isingeonekana. Anayedai kutetea uhai aanze kwa kufuta adhabu hiyo, wiki hii, bila kamati. Baada ya hapo kuna kazi ya miezi kama 18: kliniki ya wajawazito, bima kupitia mzazi au mlezi, karatasi ya hospitali ya kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto isipotee, cheti cha kuzaliwa, kisha shule. Sera ya serikali ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua ipo tangu 1994, na mwalimu mkuu anayemkataa anakwenda kinyume nayo. Aende na mzazi na mtu mzima mwingine wa kanisa, awe na sare. Kinachomrudisha nyumbani mara nyingi ni swali la nani atabaki na mtoto kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja. Katika Mukuru na Mathare kuna vituo vya kulelea watoto vinavyolipwa kwa siku. Kagueni kwanza: madirisha, maji, watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Vingine ni chumba kimoja cha giza. Kanisa lenye ukumbi unaokaa mtupu Jumatatu hadi Ijumaa lina jibu chini ya paa lake.

Kuna na suala ambalo lilipandisha sauti zote baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023 kuhusu kusajiliwa kwa shirika la watetezi wa mashoga na wasagaji. Kanisa linaweza kubaki na mafundisho yake ya ndoa yalivyo. Lakini kijana aliyefukuzwa nyumbani mtaa wa Umoja usiku hahitaji tamko. Anahitaji pa kulala, shangazi au mjomba wa kupigiwa simu, na mchungaji ambaye hatamtaja kwa jina kwenye maombi ya Jumatano. Hapo kwenye maombi ndipo siri nyingi za Nairobi zimevujia.

Wanasiasa nao? Wanapenda vita vya maadili kwa sababu havina bajeti. Mheshimiwa akilaani upotovu madhabahuni, hakuna atakayemuuliza zahanati ya wodi ilikosaje dawa. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, liliwafungia wanasiasa mimbari. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais alikuwa ametoa na kuahidi katika kanisa la Soweto, mtaa wa hapa Nairobi. Ni hatua nzuri, ila zinadumu tu kama parokia ina njia nyingine ya kumalizia paa. Kanisa lisilo na mpango wa ujenzi litamrudishia mheshimiwa maikrofoni kabla ya mvua za Aprili. Njia rahisi: mgeni yeyote aketi popote, atoe kwenye kikapu kama wengine, na matangazo yasomwe na karani peke yake kutoka karatasi iliyoandikwa Ijumaa.

Uchaguzi mwingine ni 10 Agosti 2027. Tunajua yanayoweza kutokea. Baada ya uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, na Februari 2008 NCCK, baraza la makanisa ya Kenya, ikakiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Matayarisho ya safari hii yafanywe na parokia na msikiti wa karibu kwa pamoja, mapema: nambari za simu za imamu, mchungaji na chifu kwenye karatasi moja, tangi la maji lijazwe, vyoo vizibuliwe, ijulikane ukumbi unabeba watu wangapi kulala. Na lango. Bawabu wa kanisa, kama nusu ya Nairobi, husafiri kwao kupiga kura, na ufunguo husafiri naye mfukoni. Uchongwe mwingine, ukae kwa mtu anayepigia kura hapahapa mtaani.