Ukasomee samaki Norway, Wuxi au Morogoro?

Samoni wa Norway hukua vizuri kwenye maji ya nyuzijoto 8 hadi 14. Sato, yaani tilapia wa mabwawa yetu, ukimtia humo ataacha kula, na maji yakizidi kupoa ataanza kufa. Kijana wa Mwanza au Kisumu anayejaza fomu ya kwenda kusomea ukuzaji viumbe maji Bergen, Tromsø au Stirling kule Uskoti angeanza na jambo hilo kabla ya kuulizia posho. Samaki atakayekuwa akimpima, kumlisha na kumchunguza kwa hadubini muda wote wa masomo huenda asimwone tena akisharudi, labda kwenye jokofu la supamaketi.

Wanaopinga safari hizi huanzia hapo, na hoja yao ina uzito. Samoni ni mla nyama, analishwa na mitambo inayoongozwa kutoka chumba chenye skrini ukutani, na adui wake mkubwa ni chawa wa baharini. Bwawa la Mvomero, mkoani Morogoro, lina shida za aina nyingine kabisa. Sato huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa watoto, chakula kikagawanyika, na baada ya miezi minane mfugaji anavua samaki wa saizi ya kiganja ambao sokoni hakuna anayewataka. Mbolea nayo ikizidi, maji yanageuka kijani kizito. Mchana oksijeni ni tele, usiku mwani uleule unaimaliza, na alfajiri unawakuta samaki wamepanda juu wakipiga midomo. Afisa ugani aliyezoea kazi hasubiri kipimo cha dukani. Anazamisha mkono, na kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, anasimamisha samadi na kufungulia maji mapya. Mtu anaweza kuhitimu uzamili Ulaya kwa alama za juu kabisa bila kuzamisha mkono namna hiyo hata siku moja.

Kisha kuna fedha. Hadi hivi karibuni Norway ilikuwa kimbilio kwa sababu vyuo vyake vya umma havikutoza ada. Tangu msimu wa masomo wa vuli 2023, wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa. Uingereza, mgeni anayesoma uzamili wa sayansi za aina hii hulipa zaidi ya pauni 20,000, na tangu Januari 2024 anayekwenda kwa uzamili wa darasani haruhusiwi kufuatana na mwenza wala watoto. Pauni 20,000 ni zaidi ya shilingi milioni 60 za Tanzania. Kwa kiasi hicho mtu anaweza kuanzisha kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga wa samaki na kuajiri vijana wawili watatu. Anayetaka kulipa kutoka mfukoni mwake, au kwa kuuza kiwanja cha mzee, ushauri wangu ni kwamba asiende. Nimetafuta namna ya kuilainisha kauli hiyo nimeikosa.

Lakini hoja ya samaki tofauti ina tundu kubwa. Mwaka 1988 kituo cha utafiti cha ICLARM, ambacho leo kinaitwa WorldFish, kilianza mradi Ufilipino pamoja na taasisi za huko. Walichukua sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na sato waliokuwa tayari wanafugwa Asia, kisha wakachagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Mbinu ya kuchagua ilitoka Norway, kwa watafiti waliokuwa wakiboresha samoni tangu miaka ya 1970. Kila kizazi kilikua haraka kuliko kilichotangulia kwa wastani wa asilimia 12 hadi 17. Ndiye sato anayejulikana kwa jina la GIFT, aliyesambaa Asia na kuwatajirisha wafugaji wengi huko, na asili yake kwa sehemu ni maji yetu.

Kwa hiyo aliyesomea ukoo wa samoni hakupoteza muda. Kujua dume gani apandishwe na jike gani, namna ya kuzuia ndugu kuzaana, idadi ya familia zinazotakiwa ili kizazi kisidhoofike, hayo yote ni hesabu, na hesabu haiulizi joto la maji. Vituo vingi vya vifaranga kwetu hushindwa hapo hapo. Wazazi ni wale wale miaka nenda miaka rudi, watoto wanarudishwa kuwa wazazi, vifaranga wanadumaa, na mfugaji analaumu chakula.

Magonjwa ni hivyo hivyo. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni Norway walitumia karibu tani 50 za antibayotiki. Chanjo zilipoenea, matumizi yakaporomoka hadi chini ya tani moja kwa mwaka, huku mavuno yakipanda hadi kupita tani milioni moja. Ukiangalia vizimba vya kufugia samaki vinavyoongezeka Ziwa Viktoria, kuanzia Homa Bay hadi Mwanza na Jinja, unaona kwa nini elimu hiyo inahitajika. Kirusi cha sato kinachoitwa TiLV kilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na kufikia 2018 watafiti walikuwa wameripoti kukikuta kwa samaki wa ziwa hili upande wa Tanzania na Uganda. Samaki wa kizimbani wakifa kwa wingi, nani atasema kama ni kirusi, ni bakteria, au ni maji ya chini yasiyo na oksijeni yamepanda juu? Wanaoweza kujibu kwa vipimo ni wachache mno, na wengi wao waliupata ujuzi huo nje.

Basi nenda Asia, wengine husema, kwenye samaki wanaofanana na wetu. China peke yake huzalisha zaidi ya nusu ya viumbe maji wote wanaofugwa duniani, na huko Wuxi kuna kituo cha utafiti wa samaki wa maji yasiyo ya chumvi ambacho, kikishirikiana na chuo kikuu cha kilimo cha Nanjing, hupokea maafisa uvuvi wa Kiafrika kwa uzamili wa Kiingereza. Sato wapo, mabwawa yapo, na hali ya hewa wakati wa kiangazi si ngeni sana kwetu. Kasoro yake ni kwamba darasa ni la Kiingereza ila bwawa ni la Kichina. Yule mzee aliyekaa kandokando ya bwawa miaka thelathini, anayejua kwa kutazama rangi ya maji kwamba kesho kutakuwa na vifo, haongei lugha ya kwenye slaidi. Anayekwenda Wuxi bila kujipa mwaka wa kujifunza lugha anarudi na cheti tu, na sehemu tamu ya elimu ameiacha kule.

Jirani je? LUANAR, chuo kikuu cha kilimo na maliasili cha Lilongwe, Malawi, kina kituo mahiri cha ufugaji samaki na uvuvi kilichopata fedha za Benki ya Dunia, na kinapokea wanafunzi wa ukanda huu. Hapa nilidhani swali la samaki limekwisha, kumbe halijaisha. Malawi kwa miaka mingi imezuia sato kuingizwa ili kuwalinda samaki wa asili waitwao chambo na jamaa zao wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo hata Lilongwe utajifunza kwa samaki mwingine. Mrundi au Mkongomani wa Uvira aliyesomea Uganda ana kisa kama hicho kikiwa kimegeuzwa. Amefundishwa sato, anarudi kwenye Ziwa Tanganyika lenye ngege wake wa asili, jamaa wa sato, na sato akitoroka bwawani huweza kuzaana na wenyeji mpaka mbegu ya asili ikapotea. Ukaribu wa kijiografia hautoshi.

Anayebaki nyumbani, iwe Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au vyuo vya uvuvi vya FETA vya Mbegani na Nyegezi, anapata kile ambacho Ulaya haina: samaki wenyewe, mfugaji mwenyewe, pumba na mashudu ya alizeti yenyewe. Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, na anayejua bei ya dagaa na soya sokoni ana faida kubwa. Tusidanganyane, hata hivyo. Darasa la watu wengi mbele ya mabwawa machache si mafunzo kwa vitendo. Kuna wahitimu wa hapa hapa ambao kizimba wamekiona kwenye picha tu, na hao hawana hata kisingizio cha theluji.

Nikipima pande zote, mizani yangu inaegemea hivi. Shahada ya kwanza isomwe nyumbani, kwa sababu usimamizi wa bwawa na soko havisafirishiki. Uzamili nje ni sawa ikiwa kuna mfadhili, na ikiwa mtu anafuata kitu kimoja chembamba: magonjwa, uzalishaji wa mbegu bora, au kemia ya chakula. Data za tasnifu zikusanywe kwenye maji ya nyumbani, na hilo likubaliwe na msimamizi kabla ya kukata tiketi.

Kuna jambo jingine ambalo mijadala hii hulipita haraka: idadi ya watu wanaokwenda, na mahali wanaporudi. Mafunzo ya uvuvi ya Iceland, yanayoendeshwa tangu 1998 na sasa yako chini ya mwavuli wa UNESCO, huchukua miezi sita tu na humtaka mwombaji awe kazini na apendekezwe na mwajiri. Mhitimu asiye na ajira anafungiwa nje, na hilo linauma, lakini anayekwenda anajua meza atakayorudia. Mfano mkubwa zaidi ni wa Ghent, Ubelgiji, ambako maabara iliyoanza mwaka 1978 ilijijengea jina kwa artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi anayelishwa watoto wa kamba na samaki. Chuo kikuu cha Can Tho cha Vietnam kilishirikiana nayo kwa miaka mingi, kikapeleka walimu wake mmoja baada ya mwingine, na wakulima wa chumvi wa Vinh Chau wakaanza kuvuna mayai ya artemia yanayouzwa ghali. Kwenye mashamba ya chumvi ya Malindi, Kenya, artemia walipandwa miaka ya 1980, wakashika na kuzaana. Biashara yake haijawahi kukaribia ile ya Vinh Chau.

Chumvi ipo, jua lipo, mdudu ndiye yule yule. Vietnam ilikuwa na kundi la watu waliosoma jambo moja na kurudi kwenye idara moja, wakafundishana na kurithishana. Sisi tunapeleka mtu mmoja kwa magonjwa, baada ya miaka kadhaa mwingine kwa uchumi wa uvuvi, na kila mmoja anarudi peke yake kwenye ofisi isiyo na hadubini. Barua ya ufadhili hutaja tiketi, bima, ada na posho. Vifaa vya kufanyia kazi baada ya kurudi havimo, na ni mwajiri, si mfadhili, wa kubanwa kuhusu hilo kabla mtu hajapanda ndege.