Wales na timu ya kriketi isiyokuwepo

Bodi inayosimamia kriketi ya Wales inabeba majina ya nchi mbili, England na Wales, lakini kifupi chake ni ECB. Herufi ya Wales haimo. Wanaodai Wales iwe na timu yake ya taifa ya kriketi hupenda kuanzia hapo, nami siwalaumu. Kwenye soka na raga Wales ni taifa. Kwenye kriketi ni klabu moja tu kwenye ligi kuu ya kaunti za England, Glamorgan, iliyoanzishwa 1888 na kutwaa ubingwa wa kaunti mara tatu: 1948, 1969 na 1997.

Kinachouma zaidi ni yaliyowapata wachezaji wa Glamorgan. Mrushaji Don Shepherd aliangusha wiketi 2,218 za daraja la kwanza (yaani aliwatoa wapigaji mara hizo kwenye mechi ndefu za ngazi ya juu) na England haikumchezesha hata Testi moja, mechi ya siku kadhaa kati ya mataifa. Mpigaji Alan Jones alikusanya mikimbio (pointi za kriketi) 36,049. Mwaka 1970 aliichezea England mechi moja dhidi ya kikosi cha nyota wa dunia. Baadaye mechi hiyo ikavuliwa hadhi ya Testi, na jina lake likafutwa pamoja nayo. Kofia yake ya mchezaji wa England, namba 696, alikabidhiwa 2020 akiwa na miaka 81. Wapo waliofika timu ya England, ndiyo: Tony Lewis aliiongoza England India na Pakistan msimu wa 1972-73, na Simon Jones alipata wiketi 18 kwenye Ashes ya 2005, mfululizo wa Testi kati ya England na Australia, akiupinda mpira uliochakaa hadi wapigaji wa Australia wakawa wanaacha mipira inayorudi ndani.

Uwezo si tatizo. Juni 2002, Cardiff, kikosi cha Wales kiliifunga England kwa wiketi 8 katika mechi ya siku moja. Uganda walicheza Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu, mwaka 2024. Wales haina hata mlango wa kuingilia kwenye mchujo.

Upande wa pili hoja ni pesa, na Glamorgan wenyewe ndio wapo upande huo. Uwanja wao wa Sophia Gardens, Cardiff, ulipanuliwa ili uandae mechi za England, na Testi yake ya kwanza, Julai 2009, ilikuwa ya Ashes: Anderson na Panesar, wapigaji wawili wa mwisho wa England, walizuia mipira 69 kuokoa sare. Wales ikijitenga, England haitakuwa na sababu ya kupeleka mechi kama hiyo nchi nyingine, na mgao wa mwanachama mshiriki (ngazi ya chini) wa ICC, shirikisho la kriketi duniani, haufiki karibu na pato la wiki ile.

Njia ya kati ipo: timu ya Wales ya T20, Glamorgan ikibaki kwenye ligi ya kaunti, kama Swansea na Cardiff City wanavyocheza ligi za soka za England. Naiona inafaa, ila ina mashimo mawili. La kwanza ni wachezaji kuhama. Eoin Morgan aliichezea Ireland Aprili 2009, na Mei akavaa jezi ya England. Kanuni zinaruhusu kupanda kutoka nchi mshiriki bila kusubiri. La pili hujitokeza ukifanikiwa. Ireland ilipopata uanachama kamili wa ICC 2017, wachezaji wake wakaja kuhesabiwa wageni kwenye kaunti. Mrushaji wa Ireland Tim Murtagh alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 13 pale uwanja wa Lord's, London, Julai 2019, akiivuruga England. Novemba mwaka huohuo alistaafu kuichezea Ireland ili abaki na kazi yake kwenye kaunti ya Middlesex bila kuhesabiwa mgeni.