Jua lina kazi nyingine baharini

Chukua kipande cha kioo kisafi, kichovye wima baharini, kisha kivute juu taratibu. Maji mengi yatachuruzika na kurudi yalikotoka, lakini kioo kitabaki na utando unaong'aa. Ukwangue kwa kipande cha mpira, kama anayefuta kioo cha gari. Yale matone machache yanayodondokea kwenye chupa ndiyo ngozi ya bahari. Watafiti wanaikusanya hivyo tangu miaka ya 1970, na mimi sijaona kifaa cha sayansi kinachonifurahisha kuliko hicho.

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka kusomeshwa bahari kana kwamba ni beseni: jua linawaka, maji yanakuwa mvuke, mvuke unakuwa wingu, mvua inanyesha. Si uongo. Ila hadithi hiyo inalipatia jua kazi ya jiko tu, na kumbe pale juu ya maji linafanya kazi ya mkemia.

Ngozi hiyo haizidi milimita moja, na pengine ni nyembamba kuliko unywele. Imesheheni mafuta, protini, sukari na mabaki ya mwani na bakteria. Upepo ukitulia unaweza kuiona kwa macho: mabaka laini juu ya bahari, viwimbi vyake vimezimika. (Benjamin Franklin aliwahi kumwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa moja la London, akaona karibu nusu ekari ya maji inatulia. Aliandika habari hiyo mwaka 1774.) Baadhi ya vitu hivyo hufyonza miale ya urujuanimno, na nishati iliyofyonzwa haikai bure. Molekuli iliyosisimka humnyang'anya jirani yake elektroni au hidrojeni, jirani naye anamgeukia mwingine, na mwisho wa vurugu hiyo kuna gesi zinazopanda hewani: kaboni monoksidi, kabonili salfaidi, aldehidi za namna kwa namna.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha iodini. Ozoni iliyo karibu na uso wa dunia, gesi chafuzi ambayo sehemu yake hutokana na moshi wetu, inapogusa maji hukutana na iodidi, yaani iodini yenye chaji hasi iliyoyeyuka baharini. Hapo huzaliwa iodini inayoruka hewani, na mwanga wa mchana huipasua katika muda wa sekunde tu. Atomu zinazotokana na mpasuko huo zinaanza kuila ozoni ileile iliyozizalisha. Mwaka 2008 vipimo vya kituo cha visiwa vya Cape Verde, mashariki mwa Atlantiki ya tropiki, vilionyesha kuwa ozoni inapotea kwa kiasi kinachozidi makadirio ya modeli ya kompyuta kwa karibu asilimia 50. Iodini na ndugu yake bromini hazikuwa zimehesabiwa. Nusu nzima! Halafu tunaambiwa hesabu za hewa ya baharini ni jambo lililokwisha.

Wapo watakaoruka haraka na kusema bahari inatulinda. Siwafuati huko. Tulishachomwa na hadithi tamu ya aina hiyo: mwaka 1987 Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walipendekeza kwamba planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, hutoa dimethili salfaidi, gesi hiyo hugeuzwa hewani kuwa chembe ambazo matone ya mawingu hujijenga juu yake, na mawingu yanaipoza bahari. Wazo lilikuwa zuri mno, na sehemu zake zimethibitika. Lakini chembe za mawingu ya baharini zinatokana pia na chumvi na utando unaorushwa na povu la mawimbi, kwa hiyo ule mzunguko nadhifu haukusimama kama ulivyochorwa. Bado nakutana na makala zinazousimulia kama sheria.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili sasa? Kwa sababu ya meli. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli za kimataifa kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Moshi uliokuwa ukiyang'arisha mawingu juu ya njia za meli umepungua, na kadiri unavyopungua ndivyo mchango wa bahari yenyewe unavyozidi kuwa na uzito. Anayetaka kujua tumeibadilisha hewa kiasi gani ni lazima kwanza ajue bahari ilikuwa ikifanya nini peke yake.

Na hapo ndipo data ni haba. Pampu ya meli ya utafiti hunyonya maji kutoka mita kadhaa chini; vipima hewa vimefungwa juu mlingotini. Mtafiti wa maji ana vyombo vyake, wa hewa ana vyake, na ngozi iliyo katikati haina mwenyewe. Isitoshe, meli inapopita huichana na kuivuruga ngozi hiyohiyo. Anayeitaka hana budi kushusha mashua ndogo, kusogea mbali upande wa upepo utokako, kuzima injini, na kuchovya kioo chake kwa mkono.